Fyuzi, relei ya sahani au relei ya kidijitali: transfoma yako ilindwe na nini?

Mwenye kiwanda kidogo cha plastiki aliniwekea mezani bei tatu za kulinda transfoma yake mpya: ukubwa wa kVA 1000, kilovolti 11 kushuka hadi volti 400. Ya kwanza ilikuwa swichi yenye fyuzi. Ya pili, breka iliyokarabatiwa ikiwa na relei za zamani za sahani. Ya tatu, breka mpya yenye relei ya kidijitali, na nyuma ya karatasi hiyo kulikuwa na nyongeza: breka ileile, ila kwa relei isiyotumia betri kabisa.

"Kaka, wewe niambie tu ipi nzuri nikalipe," akasema.

Nikamwuliza: hapa kwako, nani ataangalia betri?

Alidhani nimetoka nje ya mada. Nitaeleza kwa nini nilianzia hapo, maana wengi wanaolinganisha vifaa hivi hulinganisha bei na akili ya relei, na hapo ndipo wanapopotea.

Nani hasa anakata umeme?

Relei haikati umeme. Inaamua tu kwamba ukatwe. Kwenye njia kuu kuna transfoma ndogo za kupimia mkondo, mafundi tunaziita CT, zinazoshusha mkondo wa ampia 100, kwa mfano, hadi ampia 1 au 5. Huo mkondo mdogo ndio relei inaousoma. Ukizidi kiwango ulichoiwekea, na ukazidi kwa muda ulioiwekea, relei inafunga kiunganishi kimoja kidogo. Kupitia hapo umeme wa betri, mara nyingi volti 110 za DC, unaingia kwenye koili ya breka. Koili inavuta komeo, springi iliyokuwa imekazwa inaachiwa, na breka inafunguka kwa kishindo. Kwa relei ya kisasa iliyosetiwa kutripu, yaani kukata, papo hapo, safari nzima haifiki sana zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Kwa nini betri, wakati umeme upo palepale? Kwa sababu shoti inapopiga, volteji ya eneo lote inaporomoka. Umeme wa kawaida unakukimbia dakika ileile unapouhitaji.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja baada ya kebo ya upande wa volti 400 kupiga shoti. Relei ilikuwa imeona. Kibendera chake cha rangi ya chungwa kilikuwa kimeshuka, nilikikuta hivyohivyo nyuma ya kioo. Lakini breka ilikuwa haijafunguka. Niliweka mita kwenye betri nikasoma volti 71. Seli kadhaa zilikuwa zimekauka kabisa, na ncha zake zimeota unga wa kijani kama chumvi iliyoganda kwenye sufuria ya zamani. Taa ya chaja ilikuwa inawaka vizuri, na taa hiyo ndiyo iliyowatuliza watu kwa miezi mingi. Shoti ile ilikuja kukatwa na breka ya kituo cha kupoza umeme, mbali kabisa, na mtaa wote ukaingia gizani pamoja na kiwanda. Transfoma tulipoipima, koili zake zilikuwa zimehama. Haikurudi kazini tena.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza achague ulinzi gani, naanza na kile kinachoipa breka nguvu.

Fyuzi

Fyuzi haihitaji betri, haihitaji CT, haihitaji kusetiwa. Ndani ya lile bomba la kauri kuna ukanda mwembamba wa fedha uliozungukwa na mchanga. Shoti kubwa ikipita, ukanda unayeyuka na mchanga unameza cheche. Kwa shoti kubwa kweli, kazi inakwisha kabla ya nusu wimbi la umeme wetu wa hezi 50 kumalizika, yaani chini ya sehemu ya mia moja ya sekunde. Hakuna breka inayofika hapo. Wanaoidharau fyuzi kwa kuwa ni ya kizamani wajue kwamba kwa kasi dhidi ya shoti kubwa, bado iko mbele ya kila kitu kilichomo kwenye ulinganisho huu.

Udhaifu wake uko kwenye hitilafu ndogo. Piga hesabu na mimi. Transfoma ya kVA 1000 kwenye kilovolti 11 inavuta ampia 52 na nusu ikiwa imejaa mzigo. Mtu atasema basi weka fyuzi ya 63. Haifai, kwa sababu transfoma ikiwashwa inameza mkondo wa kuamka ambao unaweza kufika mara kumi au kumi na mbili ya mzigo wake kwa muda mfupi sana, kama ampia 600 hivi. Fyuzi lazima iuvumilie huo bila kuchoka. Kwa hiyo jedwali la mtengenezaji litakupeleka kwenye fyuzi kubwa zaidi, mara nyingi ya ampia 100. Sasa tazama pengo: kati ya mzigo kamili wa 52 na huko fyuzi inakoanza kuyeyuka, transfoma yako inaweza kuzidiwa mzigo, ikachemka, na fyuzi isijue lolote. Kazi ya kuzuia kuzidiwa lazima ifanywe na breka kuu ya upande wa volti 400, ambako mzigo kamili ni ampia 1,443.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Fyuzi nyingi za msongo huu zina mkondo wa chini kabisa zinaoweza kuukata kwa usalama, na umeandikwa kwenye mwili wa fyuzi. Chini ya hapo ukanda unaweza kuyeyuka bila cheche kuzimika, na bomba likapasuka. Shoti ya kwenda ardhini yenye ampia 30 kwenye kebo ya kilovolti 11, au mizunguko miwili ya koili iliyogusana ndani ya mafuta, fyuzi haitaiona mpaka uharibifu uwe mkubwa.

Ukinunua swichi ya fyuzi, hakikisha ni ile ambayo fyuzi moja ikiungua, kipini kinachochomoza kwenye ncha yake kinaifungua swichi kwa fezi zote tatu. Bila hivyo mota zako zitabaki zinazunguka kwa fezi mbili na kuungua moja baada ya nyingine. Kipini kina upande wake. Nimefungua paneli nikakuta fyuzi zimewekwa kichwa chini, kipini kinatazama ukutani, na swichi haikuwa na habari. Vilevile fyuzi moja ikiungua, badilisha zote tatu, kwa kuwa zile mbili zilizobaki zimeshaonja shoti ileile. Weka akiba ya fyuzi tatu ndani ya kiwanda, za aina na ukubwa uleule. Mtu aliyekuwa na haraka ataweka ya 125 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani, na hapo umeondoa ulinzi bila kujua.

Kwa transfoma moja isiyozidi kVA 1000 hivi, kwenye eneo lisilo na fundi wa ulinzi karibu, naipendekeza fyuzi bila kusitasita.

Relei ya sahani

Wanaokumbuka mita za umeme za kabla ya LUKU wanaijua sahani hii: duara la alumini linalozunguka mbele ya sumaku. Relei ya sahani ni ndugu wa mita ile. Mkondo ukizidi, sahani inaanza kuzunguka. Ukizidi sana, inazunguka haraka. Na ikifika mwisho wa safari yake inagusa kiunganishi. Ndiyo maana muda wake wa kukata unapungua kadiri shoti inavyokuwa kubwa. Kwa mchoro wa kawaida wa kimataifa, mkondo wa mara mbili ya kiwango unahitaji kama sekunde 10, wa mara kumi unahitaji sekunde 3, halafu unazidisha kwa namba uliyoiweka kwenye gurudumu la muda. Ukiweka 0.2, hizo sekunde 3 zinakuwa sekunde 0.6.

Relei hizi, kama zile za CDG za GEC zilizotapakaa kwenye vituo vya nchi zilizotawaliwa na Waingereza, zimefanya kazi miaka arobaini na zaidi. Hazina programu, hazina nywila. Mtu anaona kwa macho yake kinachotokea. Naziheshimu sana.

Lakini relei ya sahani ikiharibika hainung'uniki. Inakaa kimya ukutani ikionekana nzima mpaka siku ya shoti. Nimewahi kufungua moja nikakuta utando wa buibui umefunga sahani na sumaku pamoja. Ilikuwa imekaa hivyo sijui tangu lini. Kama unazo, tenga kwanza mzunguko wa kutripisha (waya zinazokwenda kuifungua breka), fungua kioo, sukuma sahani taratibu kwa ncha ya kidole kisha iachie. Inatakiwa irudi mwanzo yenyewe bila kukwama wala kusitasita njiani. Hilo halichukui nafasi ya kupima kwa kifaa cha kuingizia mkondo, ambacho kinapaswa kuja kila mwaka, ila linakuambia mengi.

Tatizo lake jingine ni muda. Sahani iliyokwisha kushika kasi haisimami papo hapo mkondo unapokatika. Inateleza kidogo mbele. Kwa ajili ya mteremko huo na makosa yake mengine, kati ya relei yako na ya kituo kilicho juu yako unaacha sekunde 0.4 au 0.5. Relei za kidijitali zinatosheka na 0.3. Inaonekana tofauti ndogo, lakini kama relei ya juu imewekwa kukata ndani ya sekunde 0.6, wewe na sahani yako mmebakiwa na nafasi finyu mno.

Ukizikuta kwenye jengo ulilorithi na zinapimwa vizuri, ziache. Kununua leo zilizokarabatiwa, hapana. Vipuri vimekwisha, na mafundi wanaojua kuzirekebisha wanastaafu.

Relei ya kidijitali

Wazo la kutumia kompyuta kulinda njia za umeme liliandikwa na mhandisi George Rockefeller mwaka 1969, na mwaka 1984 kampuni ya Edmund Schweitzer huko Marekani ikaanza kuuza relei ya namna hiyo. Leo kifaa cha ukubwa wa kitabu kinene kinafanya kazi iliyokuwa ya ukuta mzima wa relei.

Turudi kwenye transfoma yetu. Tuseme kibao chake cha jina kinaonyesha kizuizi (impedance) cha asilimia 5, yaani kipimo cha jinsi transfoma yenyewe inavyobana mkondo wa shoti. Shoti kwenye ncha za transfoma za volti 400 itaonekana upande wa kilovolti 11 kama ampia 1,050. Nikiseti relei ianze kuhesabu kwenye ampia 70, shoti hiyo ni mara 15 ya kiwango, na kwa gurudumu la 0.2 itakatwa ndani ya nusu sekunde. Muda huo unaipa nafasi breka ya upande wa chini ikate kwanza. Kisha naongeza hatua ya kukata papo hapo kwenye ampia 1,400. Kiwango hicho kiko juu ya mkondo wa kuamka, na kiko juu ya shoti yoyote ya volti 400, kwa hiyo mkondo ukikifika, hitilafu iko upande wa kilovolti 11 na hakuna sababu ya kusubiri. Kwa hitilafu ya ardhini naweka ampia 20 tu. Inawezekana kwa kuwa koili ya upande wa kilovolti 11 ya transfoma hizi imefungwa pembetatu (delta), na hitilafu ya ardhini ya upande wa chini haivuki kwenda juu kwa sura hiyo. Hizo ampia 20, fyuzi ya 100 isingezigundua hata kwa mwaka mzima.

Halafu relei inakumbuka. Sehemu moja umeme ulikuwa ukikatika alfajiri, kila baada ya siku kadhaa, na kila fundi alikuwa na maelezo yake. Nilipovuta kumbukumbu za relei, zote zilionyesha fezi ileile na ardhi, mkondo ukipanda polepole kutoka tukio hadi tukio. Tulikwenda moja kwa moja kwenye kiungo cha kebo kilichokuwa kinaingiza unyevu. Bila kumbukumbu zile tungechimba mtaro wote.

Inajichunguza pia. Ikiugua ndani, kiunganishi maalumu kinaachia na kuwasha kengele, mradi mtu ameiunganisha kengele hiyo. Wengi hawaiunganishi.

Sasa ubaya wake. Bila betri, relei ya sahani inaona ila haiwezi kukata. Relei ya kidijitali ya kawaida haioni hata kuona. Maisha yake ni miaka 15 hadi 20, na kwenye joto la pwani sehemu ya kwanza kuchoka ni kapasita za ugavi wake wa umeme. Setingi zinaweza kubaki zile za kiwandani. Uwiano wa CT unaweza kuandikwa 200 mahali pa 100, na relei ikalinda transfoma ya kufikirika. Nywila inaondoka na mkandarasi.

Na setingi hata ikiwa sahihi leo, inazeeka. Tarehe 9 Novemba 1965 relei moja kwenye kituo cha Sir Adam Beck, Ontario, ilifungua njia ya umeme wakati hakukuwa na shoti yoyote. Ilikuwa imewekewa kiwango kilichopitwa na mzigo uliokuwa umekua. Ilifanya ilichoambiwa. Njia za jirani zikazidiwa, zikakatika moja baada ya nyingine, na watu wapatao milioni 30 wa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani wakakosa umeme. Kwetu huku tunakumbuka Juni 2016 pale Gitaru, Kenya, tumbili alipoangukia transfoma: transfoma ikatripu, mashine nyingine zikazidiwa nazo zikatoka, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikazimika. Tumbili alipona. Kiwanda chako si kikubwa hivyo, lakini ukiongeza mashine mbili bila kugusa setingi, uko kwenye njia hiyohiyo.

Na ile isiyo na betri?

Hii inavuta nguvu zake kutoka kwenye CT zenyewe. Mkondo unaopita ndio unaoiamsha, na nguvu kidogo iliyohifadhiwa ndani inatosha kurusha koili maalumu ya breka. Relei za VIP za Schneider na zile za WIC1 ni za kundi hili. Unapata mchoro wa muda, hatua ya papo hapo na ulinzi wa ardhini, bila chumba cha betri.

Ina bei yake. Mkondo ukiwa mdogo mno haiamki, kwa hiyo transfoma inayofanya kazi usiku ikiwa karibu tupu inaweza kupata hitilafu ndogo ya ardhini isionekane. Ukifunga breka juu ya shoti, inachelewa kidogo kwa kuwa inaamka kwanza. Kumbukumbu zake ni chache. Na lazima CT zake ziwe zile zilizotengenezwa kwa ajili yake, usichanganye. Hata hivyo, kwa hospitali ya wilaya, shule, au hoteli yenye transfoma moja kubwa kuliko fyuzi inavyoweza, mimi ningechagua hii kabla ya relei ya betri ambayo betri yake haina mwenyewe.

Tulichoamua

Mwenye kiwanda alipoanza kueleza mipango yake, mambo yakabadilika. Mwaka unaofuata anaongeza transfoma ya pili, na jenereta. Sehemu zenye vyanzo viwili vya umeme zinahitaji relei zinazoweza kuzungumza na kuzuiana, na hapo fyuzi na relei isiyo na betri zinaishiwa. Nilimwomba apate kwanza, kwa barua, setingi za relei ya njia ya kilovolti 11 inayomlisha kutoka kwa shirika la umeme. Zilipokuja, relei ya juu ilikuwa inakata ndani ya sekunde 0.8 kwa shoti ya ukubwa wetu. Ukitoa nusu sekunde yetu, inabaki 0.3. Sahani ikawa imetolewa kwenye orodha na hesabu yenyewe.

Alichukua relei ya kidijitali na betri ya seli 55. Nilimwambia sitasaini mpaka anitajie jina la mtu wa betri. Akamwita fundi wa zamu, binti aliyemaliza chuo cha ufundi miaka miwili iliyopita, akamkabidhi mita na daftari la kurasa mia.

"Shikamoo, fundi," akaniambia, "nipime seli zote au nipime jumla tu?"

"Marahaba. Zote, moja moja."

Ukurasa wa kwanza ninao picha yake kwenye simu. Jumla volti 123.8, chaja imewaka. Seli namba 31, volti 2.11, maji yako chini ya mstari. Imeongezwa, irudiwe Ijumaa.